Ringi Niliyoipima kwa Tepu ya Dada

Jumatatu, 3 Juni
Mpwa wangu anataka kuingia timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mchujo ni Jumamosi. Hali chakula, halali usingizi. Nimemwambia ana bahati, mjomba wake alikuwa mchezaji. Kuna siku niliruka kipindi cha kwanza, nikatua kipindi cha pili. Akakohoa. Akauliza ringi inakaa juu kiasi gani. Nikasema inategemea hali ya hewa.

Jumanne, 4 Juni
Jirani yetu mchomeleaji, Fundi Cheche, katutengenezea ringi. Bila kuulizwa akadai inakaa mita tatu na sentimita tano kutoka chini. Nikamwambia yeye achomelee, vipimo aniachie mimi. Nimechukua tepu ya Dada ya kushonea, inayoishia mita moja na nusu. Nikapima mara mbili, nikaongeza vidole vitatu. Ringi ukutani. Nikaruka, nikaning'inia kwa mikono miwili. Miaka arobaini na tisa, tena na kitambi. Nikamwita Dada aje aone. Akasema ana nguo za watu za kushona.

Alhamisi, 6 Juni
Mpwa anafunga kama anayetupa nguo kwenye beseni. Maswali hayaishi. Wachezaji wangapi? Watano, ila mimi nilihesabiwa wawili. Unaruhusiwa kukimbia umeukumbatia mpira? Nikamwambia akimbie tu, wamkamate wakiweza. Cheche akadakia ng'ambo ya ukuta kwamba namfundisha mtoto wizi, mpira unadundwa. Wivu.

Ijumaa, 7 Juni
Dada katoka na tepu mkononi, kauliza kama ndiyo niliyopimia. Kumbe mwanzo wake ulichakaa akaukata, inaanzia sentimita ishirini. Yeye huzipunguza kichwani. Mimi nilipima mara mbili, kwa hiyo ringi iko chini kwa sentimita arobaini. Nikasema arobaini ni kitu gani. Mpwa alikaa kizingitini na mpira mapajani, machozi yanamtoka. Nilitamani anitukane.
Cheche kaleta ngazi, kaipandisha ringi. Mpira wa kwanza wa Mpwa haukuigusa. Wa kumi pia. Akaendelea kurusha mpaka giza likamkataza, mama yake akimwokotea mipira. Nami niliruka. Sikuifikia. Goti hilo.

Jumamosi, 8 Juni
Mchujo. Kila msichana anarusha mara kumi, anayefunga sita anaingia. Mpwa akakosa nne za mwanzo, zote fupi. Nikaangalia viatu vyangu. Dada akanibana mkono hadi ukafa ganzi. Kisha mtoto akavuta pumzi, akakunja magoti, akarusha juu zaidi. Ikaingia. Na nyingine. Ya kumi ilizunguka ringi kama inayotafuta mlango, ikazama. Sita.
Dada kalia, Cheche kalia. Mimi vumbi liliniingia machoni.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba ina raha. Mpwa kalala na jezi. Nimewaeleza wote kwamba ringi niliiweka chini makusudi, ndiyo mbinu. Mpwa akasema, "Sawa, Mjomba," akaniongezea chai. Mtoto ana adabu.
Jana, watu walipotawanyika, niliijaribu ringi ya uwanjani mara nne bila kuifikia. Nimeshagundua tatizo: wameifunga juu mno. Nimeandika barua kwa kocha, kwa upole, kumweleza kwamba uwanja wake umepimwa vibaya. Asijisumbue. Kesho asubuhi naazima ngazi ya Cheche, nakwenda kuishusha mwenyewe.