Ukuta wa Muthoni Wangu

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Mukurweini.

Msiba! Lori limemwaga mawe ya kuchonga kwa Kinuthia. Niliyaona nikikama, nikamwaga nusu ya maziwa. Kinuthia ni jirani yangu na pia ni kaka wa marehemu mke wangu, Wangui. Nikamsalimu juu ya ua, nikamuuliza kwa upole anajenga nini. Akasema ati kaiyaba ya ua wetu imezeeka, mbuzi wanapenya, anaing'oa aweke ukuta wa kisasa kutoka barabarani hadi mtoni.

Imezeeka! Mimi na yeye tumezeeka, na nani ametung'oa?

Ua huu walipanda baba zetu wakiwa vijana, miiba ikiwachoma wote wawili sawasawa. Katikati, chini ya mparachichi wangu, kuna pengo la kupita mtu mmoja. Wangui alikuwa akipita hapo kuja kwetu, msichana mwenye kitambaa cha kichwa kisichokaa. Hadi leo nikinywa chai hukaa nikitazama pengo hilo. Likizibwa, nitatazama nini? Mawe?

Lakini nitasemaje? Karani mstaafu wa kiwanda cha kahawa, alilie pengo? Kamwe! Kugombana pia siwezi. Kwetu mtu hagombani na muthoni wake. Shemeji unamheshimu hata akikukanyaga kidole. Basi itabidi nitumie akili, ambayo namshukuru Mungu ninayo.

Jumanne, 8 Aprili.

Nimepata silaha! Binti yangu Lynn ameolewa Ufaransa, kijijini kabisa, kwenye ng'ombe na matope kama sisi. Jana alinitumia sauti kwa simu akilalamika. Anataka kujenga ukuta, na huko kwao lazima kwanza uwaarifu watu wa ofisi: urefu, aina ya mawe, hata rangi. Nchi yenye adabu hiyo.

Nikavaa koti, nikaenda ofisi ya wadi. Karani ni binti wa Magharibi, anaitwa Khavere. Nikamweleza kwamba kuna mtu, sitamtaja, anajenga ukuta bila kuwaarifu. Akauliza ni sheria gani inamkataza. Nikasema ya Ufaransa. Akanipa kiti. Nikadhani ni heshima, kumbe alikuwa anawaita wenzake waje nirudie. Nikarudia, tena kwa mikono. Walipomaliza kufuta machozi, akaniuliza kwa upole, "Na hiyo choo yako iko kando ya barabara, mzee, ulichukua permit?"

Nikakumbuka kwamba nimemwacha ndama peke yake.

Alhamisi, 10 Aprili.

Sheria ya pili, safi kuliko ya kwanza. Lynn anasema huko mti mrefu lazima ukae mita mbili kutoka mpakani. Kinuthia ana mikima, miti mirefu ajabu, imejipanga mpakani kama makurutu wa polisi wa Kiganjo kwenye gwaride. Nikawaza, atahangaika na mikima, asahau ukuta.

Nikaenda kwake. Kosa! Muthoni akiingia, lazima alishwe, na akilishwa hawezi kukataa. Gathoni, mkewe, akaniwekea mukimo, mlima mzima. Nikamaliza. Akaniwekea mlima wa pili. Nilisoma sheria ya Ufaransa mdomo umejaa viazi.

Kinuthia alisikiliza vizuri sana. Akasema ni sheria nzuri, wazungu wana akili. Kisha akauliza kama mparachichi wangu nao hauko ndani ya hizo mita mbili. Akasema ana rafiki mwenye msumeno wa mashine, atamwomba aje kesho anisaidie kuukata, bure, kwa sababu mimi ni muthoni.

Nimeshinda mchana mzima nikieleza kwamba sheria za Ufaransa haziwezi kufika Mukurweini.

Ijumaa, 11 Aprili.

Wameanza. Kaiyaba ya upande wa barabara imeng'olewa. Nilisikia mizizi ikikatika, nikaingia jikoni nikakaa. Sikuwasha hata redio.

Lakini Lynn hakuniangusha. Huko kwao, ukuta ukiwa na mgongo wa juu unaoteremkia upande mmoja, huhesabiwa kuwa wa mwenye upande huo. Nikajiambia, soma tena, Gatimu! Ukuta ukiteremkia kwangu, ni wangu. Ukiwa wangu, nautoboa ninapotaka!

Fundi ni Oloo, mtu wa kucheka. Nikampelekea chai na ndizi za kuchoma, nikamwambia ukuta wenye mgongo wa kuteremkia kwangu unapendeza kuliko wote duniani. Akasema, "Sawa tu mzee, kwangu zote ni ukuta." Hadi jioni kipande cha kwanza kilikuwa kimekwisha, mgongo umelala kwangu. Mali yangu! Nimeupapasa kwa siri.

Jumamosi, 12 Aprili.

Mvua! Mvua ya Aprili yenyewe! Maji yote ya ukuta yameteremka kwangu, moja kwa moja hadi zizi la ndama. Nilimkuta amesimama kwenye maji hadi magotini, akinitazama kama ananidai maelezo.

Nikaanza kuchimba mtaro. Kinuthia akaniona, akaja na jembe lake, akipitia pengoni maana ndiyo njia ya karibu. Tukachimba. Tulipomaliza alisimama hapo hapo pengoni, akakung'uta matope, akasema Wangui ndiye aliyemfundisha kupita bila kuchomwa. Dada yake alikuwa akija kwetu asubuhi kuomba makaa ya moto. Nikasema nakumbuka, kwao kiberiti kilikuwa shida sana, hata tuliwahurumia.

Akacheka hadi akaegemea jembe. "Shida gani? Kiberiti ilikuwa imejaa kwetu! Mama alikuwa anauliza kila siku, huyu msichana anaenda kuomba moto ya nini?"

Miaka yote hiyo! Tuliishi pamoja, tukalea, tukazeeka, na hakuniambia. Nikalia mbele ya muthoni, kwenye mvua, nikashukuru mvua.

Kinuthia naye alikuwa akifuta uso kwa kofia. Akaniuliza mbona sikumwambia tu kwamba nataka pengo libaki. Nikasema nilikuwa nafuata sheria. Akanitazama kidogo. Kisha akamwita Oloo, akamwambia waruke hapo, kaiyaba ya pande zote mbili za pengo isiguswe. Mbuzi wake atawafunga kamba.

Jumapili, 13 Aprili.

Jumapili ya Matawi. Kinuthia alipitia pengoni kunichukua, tukaenda kanisani pamoja na matawi yetu. Njiani tulikumbushana jinsi baba zetu walivyokuwa wakibishana juu ya mashina ya kahawa mpakani. Alirudi kwake baada ya chai. Nyumba ikawa kimya sana.

Jumatatu, 14 Aprili.

Siku njema. Ukuta unaendelea, pengo liko. Ningependa Kinuthia aje kila jioni tukae pale tumkumbuke dada yake. Lakini siwezi kumwambia mwanamume mwenzangu ati upweke unanisumbua. Nimempigia Lynn anitafutie sheria inayolazimisha majirani kukagua ukuta wao pamoja, kila jioni, wakiwa na chai. Akasema, Baba, mwambie tu. Akasema sheria kama hiyo hakuna.

Nimemwambia atafute tena. Ufaransa ni kubwa.