Miwani Niliyomuchagulia Furaha kwa Macho Yangu

Ndugu zangu, leo heshima yangu imeanguka mbele ya darasa zima. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, kila mutu akiona vizuri. (Isipokuwa mimi. Nitafika huko.)

Munanijua. Nilianza na pampu ya mukono, nikijaza upepo kwenye magurudumu ya watu pale Mangobo. Leo niko na duka la vipuri vya pikipiki, na kibao chenye jina langu. Shule niliiacha mwaka wa tatu, lakini kitu kikiharibika, mimi ninakitengeneza. Chochote!

Bon. Jana binti yangu Furaha, miaka tisa, akaleta barua ya Madame wake wa shule. "Mutoto haoni maandishi kwenye tablo. Mumupeleke kwa muganga wa macho haraka. Akiendelea hivi, atarudia darasa."

Kurudia darasa? Mutoto wangu mimi?

"Kesho ataona tablo," nikaapa.

Mke wangu akaniangalia. "Papa Furaha, barua inasema muganga."

"Muganga wa nini? Mambo ya nyumba yangu ninayamaliza mwenyewe."

Asubuhi hii nikaenda sokoni, kwenye meza ya miwani. Muuzaji akaniuliza, "Papa, mutoto iko wapi ajaribu?"

"Mutoto iko masomo. Damu yetu ni moja, macho yetu ni yale yale. Nitajaribu mimi."

Nikavaa. Nikatoa mfukoni paketi ya buji, ile plagi ya pikipiki. Eh! Herufi ambazo siku zote ni kama mchanga zikasimama kubwa kama mihogo! Nikachagua miwani yenye nguvu kupita yote. (Kwa mutoto wangu sichagui kitu cha katikati.)

Nikawasha pikipiki mpaka shule yake kule Kabondo, nikabisha kwenye darasa. Watoto wote wakasimama: "Bonjour, papa!" Nikajisikia kama gavana. Nikamuvalisha Furaha ile miwani mbele ya wote.

"Soma tablo, mama," nikamuambia.

Furaha akageuza kichwa huku na huku.

"Papa, sasa hata Madame simuoni."

Darasa likaanza kuguna. Madame akasema polepole, "Papa, labda muganga..."

"Hapana, Madame! Mutoto hajazoea. Ngoja niwaonyeshe namna mutu muzima anavyovaa lunettes."

Nikavaa mimi. Nikainua kichwa. Ndugu zangu, ukungu! Ukungu wa mtoni saa kumi na mbili asubuhi. Tablo imepotea, watoto wamepotea. Lakini ningerudi nyuma? Mimi? Karibu na mlango nikaona mutu murefu wa kijani, amesimama kwa adabu. Nikajua ni Madame. Nikamufuata, nikanyoosha mukono:

"Madame, ninakushukuru kwa uvumilivu wako. Mutoto huyu atakuwa wa kwanza!"

Hakunijibu. Nikashika mukono wake, nikautikisa kwa nguvu. Ulikuwa mutupu ndani.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Papa, mimi niko huku. Hilo ni koti langu la mvua, nimelitundika ukutani."

Watoto walicheka mpaka darasa la jirani likaja dirishani. Mutu mmoja akapiga meza! Madame mwenyewe alijificha nyuma ya daftari.

Furaha peke yake hakucheka. Alikuja, akanishika mukono, akaninong'oneza: "Papa, usione haya. Mimi naonaga hivyo kila siku."

Nikavua ile miwani.

Nikaomba ruhusa kwa Madame (yeye wa kweli), nikamupandisha mutoto kwenye pikipiki, moja kwa moja kwa muganga wa macho. Tulikaa kwenye foleni masaa matatu. Mimi, kwenye foleni! Muganga akaigeuza miwani yangu mukononi.

"Papa, hii ni ya watu wazima, ya kusoma vitu vya karibu. Mutoto anaona karibu, haoni mbali. Na wewe, nani alikupima?"

"Paketi ya buji," nikasema.

Akamuvalisha Furaha miwani nzito ya chuma ya kupimia, akabadilisha vioo kimoja kimoja. Mara mutoto akasoma mstari wa mwisho ukutani bila kusita. Halafu akanigeukia, akanichunguza kutoka upande wa pili wa chumba.

"Papa! Kumbe uko na nywele kwenye pua!"

Muganga akaangusha kalamu.

Miwani yake itakuwa tayari wiki ijayo. Mpaka siku ile atakaa benchi la mbele, Madame amekubali.

Basi, ninaomba musicheke. Mwenye kushindwa kujizuia, kwanza apeleke mutoto wake apimwe macho. Akirudi, aje dukani, tutacheka wote.