Tembo wa Prithviraj na Shikamoo ya Polikarp

Jumanne, 10 Juni

Vita vimetangazwa! Mimi ni Prithviraj, mfalme shujaa wa Uhindi ya kale. Polikarp, mtani wangu Mngoni, ni sultani anayekuja kunivamia. Uwanja: mchezo wa vita kwenye kompyuta mbili za Renatha, mwenye steshenari hapa mtaani Lizaboni. Dau: shikamoo. Tangu tuko vijana tunabishana nani mkubwa. Yeye hana cheti cha ubatizo. Changu kiliungua pamoja na kanisa, kijijini kwetu ng'ambo ya mto Ruvuma, kabla sijakimbilia huku. Atakayeshindwa ataamkia mbele ya watu, baada ya misa, na ataamkia mpaka kaburini.

Nimesoma habari za mfalme huyu. Wahindi husimulia kwamba alimshinda sultani, akamsamehe, akamwacha aende zake. Sultani akarudi, akammaliza. Mfalme mzima! Nimemweleza Renatha kosa hilo kwa kirefu. Akasema sawa, babu, akaendelea kutoa fotokopi.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi. Aibu. Nilijenga kijiji. Hekalu nikaliweka likitazama maji, kama kanisa letu. Kisima chini ya mteremko, mashamba kushoto. Kila kitu mahali pake. Nikasahau askari. Polikarp akaingia na farasi, akachoma vyote. Akasema sisi Wanyasa tunajenga vizuri, ila tunakimbia vizuri zaidi.

Nilitazama hekalu mpaka likaisha kuungua. Kisha nikacheka, maana mtani hakasirikiwi.

Vita vyenyewe ni Jumamosi. Nina mbinu.

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi! Nilimwalika Polikarp kwanza chakula cha mchana. Mlima wa ugali, samaki mbasa wa kukaanga, maharage, pombe ya komoni ya kutosha. Alikula kama mfungwa aliyeachiwa leo. Mimi nilionja tu, nikasingizia tumbo. Tukaenda kwa Renatha. Tembo wangu hawajatoka hata getini, sultani anakoroma, kidevu kifuani. Jeshi lake limesimama, linasubiri amri. Tembo wakapita humo kama kwenye shamba la mahindi.

Renatha akasema huo si ushindi, babu. Nikamwuliza kompyuta imeandika nani kashinda. Akarudi kwenye fotokopi zake.

Jumapili, 15 Juni

Mlangoni pa kanisa, Mfaranyaki. Polikarp akavua kofia. Shikamoo, kaka! Watu wakageuka. Mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele. Sikujibu upesi, nilitaka niionje. Marahaba, mdogo wangu, hawajambo nyumbani?

Tangu nivuke mto ule, leo ndiyo mara ya kwanza nina umri.

Jumatatu, 16 Juni

Polikarp kapita asubuhi. Shikamoo bila kukumbushwa! Kaomba kwa unyenyekevu turudiane Jumamosi, dau lile lile. Renatha alipopata habari, kaniuliza yule mfalme wa Uhindi alifanyaje vile, babu? Nikamwambia hayo ni ya Uhindi. Huku kwetu mkubwa hamkatalii mdogo wake. Nimekubali.

Na adabu anayo, huyu kijana. Kasema vita baadaye, kwanza nikale kwake mchana. Jogoo mzima, wali, komoni ya mkewe. Kasisitiza nije na njaa.

Nitakwenda na njaa.