Tanga la Shitingi na Kapu la Majani

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sijamwambia mtu yeyote. Bibi hajui. Hata padri sijamwambia, maana sina hakika kama ni dhambi au ni ujinga tu.

Kapu ninalobeba kwenda gulioni kila Jumamosi halina kitu. Ndani kuna majani ya mgomba yaliyokunjwa. Juu nimefunika kitambaa cha maua. Jumamosi saba sasa! Napanda boti ya Baba mdogo Sostenes, tunapanda na mto hadi gulioni, nakaa karibu na wauza dagaa mpaka mchana, narudi. Bibi anadhani naenda kumsaidia Baba mdogo kupanga abiria. Baba mdogo anadhani Bibi kanituma.

Sababu ni Nice. Ni wa rika langu. Huteremka kutoka kilima cha pili na kapu la mananasi na sweta la kijani, hata jua likiwa kali. Botini huketi karibu nami, sijui kwa nini. Nataka awe rafiki yangu. Rafiki niliyekuwa naye ni Aline tu, na Aline kahamia Biharamulo kwa dada yake tangu mwezi wa tano. Tangu hapo nazungumza na Bibi, mbuzi na redio. Redio ndiyo hunijibu zaidi.

Kikwazo ni dizeli. Mashine ya boti ilikuwa inasaga mahindi pale Mbuba kabla Baba mdogo hajaifunga botini, na inanguruma kana kwamba haijaambiwa kuwa kazi imebadilika. Juzi nilijikaza nikamwambia Nice habari za asubuhi. Hakusikia. Nikarudia. Aliyegeuka ni mbuzi.

Nimeamua. Dizeli itoke, tanga liingie! Tanga halina sauti. Watu wakikaa kimya pamoja lazima mwisho waongee. Ndivyo binadamu walivyo.

Jumanne, 8 Julai

Nimeandika karatasi mbili, kalamu nyekundu na ya bluu: Ulinganisho wa Safari kwa Dizeli na Safari kwa Tanga. Dizeli: kelele, moshi, mafuta kwenye sketi, kichwa kuuma hadi Jumapili. Tanga: kimya, hewa safi, upepo tunapewa na Mungu. Kwa upande wa mwendo niliandika kwamba yote mawili yanafika. Nilitaka kuwa mkweli.

Mimi mwenyewe sijawahi kuona tanga kwa macho. Niliona picha kwenye kitabu cha Jiografia. Ukurasa ulikuwa umechanika, kwa hiyo nusu ya juu ya tanga naifahamu vizuri sana.

Nilishuka hadi mtoni. Nikampa Baba mdogo shikamoo, nikampa karatasi, nikakimbia. Nikajificha kwenye mafunjo. Baba mdogo akasoma, akasema mwandiko ni mzuri, akampa Minani.

Minani ndiye fundi na nahodha wa mashine. Ni Mrundi wa asili, ana mdomo kuliko dizeli yenyewe. Akasoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya abiria! Akauliza upepo una hendeli? Ukizimika katikati ya mto unauwashia wapi? Watu wakacheka. Akasema mwalimu amejificha kwenye mafunjo, anaona miguu yake, na mwalimu aangalie, hapo pana siafu.

Kweli palikuwa na siafu.

Halafu akafutia karatasi yangu kile kijiti cha kupimia oili. Karatasi zote mbili. Simsamehe.

Alhamisi, 10 Julai

Jaribio la kisayansi.

Bibi ana mtumbwi. Si wa majini. Ni gogo lililochongwa katikati, la kukamulia ndizi mbivu wakati wa kutengeneza pombe. Kila nyumba ya wazee hapa kwetu inalo. Lakini kwa umbo ni mtumbwi kabisa! Nikasema moyoni, kitu chenye umbo la mtumbwi kitaelea kama mtumbwi.

Bibi alikuwa shambani. Nikaukokota hadi kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Huko hakuna mamba. Nikafunga kamba kwenye mti, maana mimi si mjinga. Mlingoti: mpini wa jembe. Tanga: kitenge changu. Nikaingia.

Ukaelea! Nikakaa humo peke yangu katikati ya lambo, kimya kabisa, na nikasema kwa sauti, habari za asubuhi Nice. Ikatoka vizuri. Nikasema tena. Upepo ukaja.

Mtumbwi ulisogea hatua mbili, ukalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Nilipotoka kwenye tope nilikuta nyuki wamefuata utamu wa ndizi za mwaka jana na wamekaa kwenye kitenge. Nilisubiri waondoke. Hawakuwa na haraka.

Hitimisho: jaribio limefaulu. Hatua mbili ni hatua mbili. Mtumbwi nimeusuuza na kuurudisha. Ila sikuusuuza vizuri sana, Bibi alikuwa anarudi.

Ijumaa, 11 Julai

Bibi kakamua ndizi leo. Kanusa mtumbwi mara mbili. Nilikuwa nafagia kwa bidii.

Nimepata tanga! Ni ile shitingi ya Bibi, turubai la bluu alilopewa kambi ya wakimbizi zamani, kabla Baba hajaoa. Siku hizi tunaanikia maharage. Nikaiomba. Akaniuliza ya nini. Nikasema ya kivuli. Akaishika pembeni, akasema chini ya hiyo walilala watu tisa, na mvua ikinyesha waliinua katikati kwa fimbo kwa zamu, na aliyekuwa zamu alisimulia hadithi ili asilale.

Watu tisa! Mimi nina chumba kizima.

Nimeishona kwenye mti mrefu wa mkaratusi. Baba mdogo kaona, akasema niache kuchezea vitu vya bibi yangu. Akasema dizeli iko sawa na kesho tunaondoka saa tatu. Hapo ndipo nilipoona kwamba maneno hayatoshi.

Minani alipokwenda kula, nilichukua hendeli ya mashine. Ile chuma iliyopinda ya kuwashia. Bila hendeli dizeli ni jiwe tu. Nimefikiri sana pa kuificha. Nyumbani Bibi ataiona. Shambani mvua ikija itapata kutu. Nimeificha kwenye kapu langu, chini ya majani. Kwa Jumamosi saba hakuna mtu aliyeniuliza kapu hilo lina nini. Hakuna mahali salama zaidi duniani.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote, hata yale mabaya.

Saa tatu. Abiria kumi na mmoja, mbuzi wawili, vyungu vya Mama Fideli. Nice kafika na sweta lake, kaketi palepale. Minani akatafuta hendeli. Akatafuta chini ya mbao, akatafuta kwenye begi lake, akamwinua mbuzi. Akaapa kwamba jana aliiacha juu ya mashine. Baba mdogo akamwambia kwamba siku moja atasahau kichwa. Abiria wakaanza kunung'unika kwamba gulio halisubiri. Mama Fideli akauliza kama wasafiri kwa kupuliza.

Nikasimama na shitingi. Nilitaka kusema hotuba. Hakuna kilichotoka. Nikaonyesha mlingoti kwa kidole, nikaonyesha mto, nikaonyesha juu.

Baba mdogo akaniangalia muda mrefu. Akasema haya, mwenye shule, pandisha.

Nikapandisha! Upepo wa bonde ukaja, ule wa kiangazi unaopanda na mto kila asubuhi. Shitingi ikajaa. Mlingoti ukalia. Boti ikaondoka yenyewe, bila moshi, bila mtu kushika kitu! Watu wakasema eee. Minani akaketi juu ya mashine yake iliyonyamaza kama mtu aliyefiwa. Nilimwangalia Nice. Alikuwa anaangalia tanga. Nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Tukafika kwenye mtini mkubwa ulioinamia maji, pale mto ulipo mwembamba. Hapo mto unateremka kwa nguvu. Upepo ukatusukuma juu, mto ukatusukuma chini. Hatukwenda juu. Hatukurudi chini. Tulisimama mbele ya mtini.

Tulisimama mbele ya mtini saa nzima.

Na kimya! Kimya nilichokitaka, kimya cha kusikia kunguru akijikuna. Hakuna aliyeongea. Kila mtu aliona kwamba akifungua mdomo wote kumi na mmoja watasikia. Mzee mmoja alitaka kukohoa, akaomba radhi kwanza. Kiboko aliinua macho kwenye maji, akatutazama, akachoka, akazama. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Habari za asubuhi Nice. Lakini asubuhi ilikuwa inaisha, na nikaanza kufikiri kama niseme za mchana.

Halafu Nice akanigeukia. Yeye mwenyewe! Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo boti nzima iliisikia, ninauzaga nini.

Nikasema parachichi.

Neno la kwanza alilowahi kulisikia kutoka kwangu, na ni uongo.

Mama Fideli akasema ee Mungu asante, toka asubuhi hajala, na kama ni za Ntobeye hizo ndizo zenyewe. Akaomba moja. Nikasema hazijaiva. Akasema ataibonyeza mwenyewe, yeye anajua parachichi kabla mimi sijazaliwa. Mkono wake ulikuwa tayari chini ya kitambaa. Akatoa jani. Akatoa jani jingine. Akatoa majani kama mtu anayenyonyoa kuku. Watu wakainuka kuona. Mwisho akatoa hendeli.

Mana yanje, yaani Mungu wangu, akasema Minani kwa Kirundi chake. Akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akasema parachichi hili limeiva mpaka limekuwa chuma.

Wakacheka wote. Hata mbuzi walilia. Nice naye alicheka, halafu akaziba mdomo. Baba mdogo hakucheka. Alisema tutaongea mbele ya Bibi, na hilo ni baya kuliko kuchapwa.

Minani akazungusha. Dizeli ikanguruma. Mtini ukarudi nyuma yetu mara moja, na kwa mara ya kwanza niliipenda ile kelele, maana hakuna aliyeweza kuniuliza kitu. Nilitazama miguu yangu.

Ndipo Nice akaniinamia. Akaweka mkono kuzunguka sikio langu na kupaza sauti. Alisema maneno mengi. Pumzi yake ilinukia nanasi. Mimi nilisikia dizeli tu. Nikatikisa kichwa kukubali, maana sikujua la kufanya. Akatabasamu, akachukua nanasi kwenye kapu lake na kuliweka kwenye langu, juu ya majani. Nadhani lilikuwa linamzidi uzito.

Gulioni nilijificha nyuma ya dagaa hadi mwisho. Wakati wa kurudi Nice hakuwemo, alipanda pikipiki ya kaka yake.

Tulipofunga boti Minani akanifuata. Nilijua anakuja kunisema. Hakunisema. Aliniambia kwamba watu wa mashine husoma midomo, la sivyo wasingeelewana kazini, na kwamba yule binti aliniambia hivi: kesho baada ya misa nimsubiri mlangoni mwa kanisa, twende kwao, mama yake atapika. Na kwamba yeye pia hana mtu wa kuongea naye, ndiyo maana huketi karibu nami, maana mimi nina uso wa mtu anayesikiliza.

Nikamshukuru kwa adabu. Lakini mimi si mtoto! Minani ni mtu wa dizeli. Anachotaka ni niamini kwamba mambo ya maana husemwa kwenye dizeli. Alifutia karatasi yangu kijiti cha oili. Mtu kama huyo utamwamini?

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misani. Nilimwambia Bibi tumbo linauma. Baba mdogo alishakuja jana kusema yote, na Bibi hakunigombeza. Aliuliza tu kama shitingi imechanika.

Nimeshinda nyumbani na sindano. Kosa nimeligundua: tanga lilikuwa dogo. Mto ulitusukuma sawasawa na upepo, kwa hiyo tanga likiongezwa mara mbili upepo utashinda. Ni hesabu rahisi. Nimeunganisha shitingi na magunia manne ya maharage.

Bibi amerudi saa saba. Wazee waliokuja naye kuonja pombe wamesifu sana, wamesema mwaka huu ina ladha ya ardhi, wameuliza siri yake. Bibi akaniangalia. Nikaendelea kushona.

Halafu akasema kanisani kulikuwa na binti mmoja wa sweta la kijani. Misa ilipokwisha alisimama mlangoni. Watu wakatoka wote, yeye bado. Akawa anaangalia kila anayetoka. Katekista alipofunga mlango alikwenda akaketi kwenye ngazi. Bibi alipita, akamwona bado yupo.

Nimesimamisha sindano kidogo.

Ni Nice. Alikuwa anamsubiri mtu na huyo mtu hakuja! Watu wengine hawana shukrani. Laiti ningekuwa mimi huyo mtu, ningefika kabla ya kengele ya kwanza. Nimemwonea wivu mpaka nikajichoma kidole.

Jumamosi nitapanda tena. Minani sasa anavaa hendeli shingoni kwa kamba, lakini huivua anapooga. Kapu nimelibadilishia kitambaa, cha mistari, na nimeweka majani mapya. Nanasi sijalikata. Litakaa juu, mtu akifunua aone kitu. Tutafika pale kwenye mtini, tutapita kwa tanga, kutakuwa kimya kabisa, na nitamwomba Nice arudie alichosema, nisikie kwa masikio yangu na si kwa mdomo wa mtu wa dizeli.

Wewe uliyeokota daftari hili na kufika hapa, nakuomba usimwambie mtu. Si Bibi, si Baba mdogo. Minani hata kidogo. Na ukikutana na binti wa sweta la kijani, usimwambie kwamba nataka awe rafiki yangu. Hilo nitamwambia mwenyewe, siku nikipata kimya cha kutosha.