Jicho la Oyoo na Macho Yangu

Jumatatu, 7 Machi 1994
Habari njema! Daktari anakuja kupima wapiganaji wa Vita vya Kagera walioumia macho. Atakayeshindwa kuona, analipwa ulemavu kila mwezi. Mimi nilikuwa mpishi wa kikosi. Moshi wa kuni mbichi, jamani, si silaha? Nitaomba malipo ya macho yote mawili. Kwa nini niombe nusu? Mke wangu Modesta kasema macho yanayoona pombe ya jirani nyuma ya ukuta hayana ugonjwa.

Jumanne, 8 Machi
Mazoezi. Miwani nyeusi na fimbo. Nimemkanyaga kuku, nimemwaga uji. Jirani yangu Oyoo kacheka mpaka kakaa chini. Yeye kipande cha bomu kilimtoboa jicho la kulia kweli, halioni kitu. Alikuwa mlenga shabaha wetu bora. Kiwanda cha huku Nyakato kimempunguza kazi, watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Lakini kukiri kwamba haoni? Thubutu! Kasema askari haombi huruma. Mkewe, Amondi, kaapa atamburuta hadi kwa daktari. Mwanaume yule, loo! Mimi ningeshaomba zamani.

Alhamisi, 10 Machi
Foleni ndefu. Ukutani bango la herufi E zilizogeukia huku na huku, unataja zinakoelekea. Oyoo alisimama mlangoni akiwasikiliza waliotangulia. Zamu yake, daktari akamziba jicho zima. Akataja zote bila kukosea! Kakariri, mjanja huyu! Daktari akaanza kuandika kwamba ni mzima. Amondi akalia. Roho ikaniuma sana, nikamnong'oneza daktari apindue bango juu chini. Oyoo akarudia yaleyale, kifua mbele. Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga kelele kwamba hiyo inatazama chini, na ile ndogo kabisa pale pembeni inatazama kushoto!

Daktari akasema hajawahi kukutana na kipofu mwenye macho makali hivyo. Faili langu likafungwa.

Jumamosi, 12 Machi
Oyoo kapitishwa, atalipwa. Juzi alinifokea kwamba nimemvunjia heshima. Leo kaja na samaki, sato wawili wakubwa, kanishika mkono, hakuachia upesi. Machozi yalinilenga. Shujaa kabisa!

Nami sijakata tamaa. Masikio! Mizinga ililia karibu na jiko langu, na masikio hayana bango. Nimeanza mazoezi jioni hii. Modesta kaniita kula, sikugeuka. Kaita tena, nikakaza. Yeye na watoto wetu wamemaliza sato wote. Nimefaulu!