Ubaguzi wa Rangi ya Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegundua kipaji. Tunapaka rangi jengo kubwa, chini ofisi, juu nyumba za kupanga. Nyapara akagawa kazi. Msasa, mwenzangu anayesugua ukuta mpaka ukuta unaomba radhi, kapewa rangi ya mafuta na ukumbi wa mapokezi, penye kiyoyozi. Mimi, fundi niliyepaka kwa balozi (banda la mbwa wake, lakini kwa balozi ni kwa balozi), nikapewa chokaa na stoo ya takataka.

Nikalalamika koridoni kwa sauti yangu ya kawaida, ile inayosikika mtaa wa pili. Nikasema humu ndani kuna ubaguzi wa rangi: wenzetu ya mafuta, sisi chokaa. Meneja wa jengo, mama mweupe wa miwani mikubwa, alikuwa anapita. Kasikia nusu ya kwanza tu. Akasimama kama aliyekanyaga msumari. Akaniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, akaniomba radhi kwa niaba ya watu nisiowajua. Nilitaka kumweleza kwamba nazungumzia ndoo. Halafu ikaja chai, na biskuti. Riziki haisahihishwi sarufi.

Ukumbi sasa ni wangu. Msasa, ambaye ni mweupe kama karatasi, kahamishiwa stoo. Alibeba ndoo ya chokaa akaenda zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimelijaribu neno tena, nione kama jana ilikuwa bahati au dawa. Ni dawa. Muuza mkate kanipa mkate ulioungua, nikamwambia ni kwa sababu ya rangi yangu. Akasema kilichoungua ni mkate, bwana, wewe umeingiaje? Lakini foleni nzima ilishageuka, akanibadilishia upesi. Kwenye lifti iliyojaa nililitaja tu, wakashuka wawili.

Kwa nyapara halikufanya kazi. Kanigombeza kwa kuchelewa, nikamwambia huo ni ubaguzi. Nyapara ni mweusi kunishinda. Akauliza nani hapa anambagua nani. Nikamjibu ubaguzi hauna mwenyewe, ni kama mafua. Akasema basi niende nikapake, mimi na mafua yangu.

Nyumbani mke wangu kanipa shingo ya kuku, kaka yake kapewa paja. Nikalitaja na hapo. Akasema siku akiamua kunibagua ataanzia kwenye kukoroma. Huyo kaka yake, shemeji yangu, ndiye fundi bomba wa jengo letu, yuko kwenye majaribio. Analala kwenye kochi letu. Akithibitishwa kazini mwisho wa wiki, atapanga chumba amlete mkewe na mtoto. Mtu wa maneno machache. Mengi huyamalizia kwenye mabomba.

Jumatano, 5 Machi

Meneja kaitisha kikao cha wafanyakazi wote kuhusu ubaguzi. Msemaji mkuu: mimi. Nilivaa tai ya harusi yangu. Nikataja yote yaliyonipata, nikaanza na muuza mkate, nikapita kwa refa wa mpira, nikafika kwenye mashine ya kahawa. Mama mfagiaji akanyoosha mkono, akasema mwanangu, hiyo mashine inakubaguaje na haina macho? Nikamwambia imetema sarafu yangu, ikameza ya Msasa. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Meneja hakucheka. Alivua miwani, akanitazama muda mrefu. Nadhani ananipandisha cheo.

Njiani shemeji kaniambia hilo neno lina wenyewe, shem, lina watu lililowaumiza kweli, usilifanye kitambaa cha kupangusia kila meza. Nikamwambia neno si brashi, halinyonyoki manyoya.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mpangaji wa ghorofa ya nne, mzee wa suti, sinki lake linavuja. Shemeji akapanda na mkoba wake wa spana. Mzee kafungua mlango kidogo, kamtazama juu hadi chini, kasema mtu mweusi haingii kwake, aletwe mwingine. Akafunga. Kisha akapiga simu ofisini kwamba fundi kamjibu jeuri na kaondoka. Maji yakashuka kwa jirani wa chini. Shemeji kaambiwa kesho jioni arudishe funguo.

Nilimkuta chumba cha pampu anapangusa spana mojamoja. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema nimesema, shem. Wameniuliza kama nimetumwa na wewe.

Nikakimbilia kwa meneja bila kubisha hodi. Nyapara alishamsimulia habari ya ndoo. Hakuinua uso. Akaniuliza leo ni ya mafuta au ni chokaa. Nikaapa kwamba safari hii ni ule wenyewe, ubaguzi wa watu. Akasema hata juu ya mashine ya kahawa niliapa.

Chakula cha usiku hakikulika. Mke wangu hakunisema. Ningependelea aniseme.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe jana Msasa alitolewa stoo kwa muda, alikuwa anasugua kizingiti cha mlango wa pili, ghorofa hiyohiyo ya nne. Alisikia yote. Leo asubuhi, alipojua kwamba shemeji anafukuzwa, kaingia kwa meneja na vumbi lake shatini, karudia maneno ya mzee kama yalivyotoka. Hata neno lenyewe hakulitumia. Meneja akanyanyuka palepale, akampandisha shemeji mpaka ghorofa ya nne, akasimama sebuleni kwa mzee hadi sinki likapona. Jioni shemeji kathibitishwa kazini.

Tukamwalika Msasa nyumbani. Nikamuuliza kwa nini amehangaika, na mimi nilishamnyang'anya ukumbi. Akasema kule stoo hakuna anayeongea. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, mtu mkubwa hucheka.

Halafu mke wangu akasema jambo moja, taratibu, huku anapakua. Kwamba kaka yake aliyasema maneno hayohayo jana, na hakuaminika. Mpaka aje mweupe kuyasema. Msasa akaweka kijiko chini. Shemeji akatazama sahani. Mimi nikaomba chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kahama, kapata chumba, mkewe anakuja. Nimembebea kochi langu mgongoni, zawadi. Mke wangu kauliza sisi tutakalia nini. Swali dogo hilo.

Wote wananitazama kama mtu aliyepaswa kujifunza. Nimejifunza. Nimelala chali dari ikinitazama, nikapata jibu: neno halina kosa, kosa ni mdomo. Kwa hiyo mchana nimekwenda kwa Msasa na mpango. Mimi nionewe, yeye aseme. Tuanze na muuza mkate, twende kwa refa, mazao tugawane nusu kwa nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana, rafiki yangu, nenda kapumzike. Akafunga mlango, polepole, kwa adabu.

Nikabaki nimesimama nje nikiutazama ule mlango. Umepakwa vizuri. Kumfungia mlango hivihivi mtu wa rangi yangu. Nimeona mengi duniani, na jambo hili lina jina.

Kesho namwahi meneja kabla hajanywa chai.