Hakuna Mgeni Aliyeinuka

Jumatatu, 19 Agosti 2013

Bila mimi Longor, Lodwar ingekuwa mchanga na mbuzi tu. Watu hawajui. Mzungu wa kwanza kufika hapa ni mimi niliyemwonyesha mto Turkwel, ijapokuwa nilikuwa bado sijazaliwa vizuri.

Kanisa letu la zamani, lile la mawe la wamishonari, limemaliza kukarabatiwa. Bati jipya, kuta nyeupe, kengele imerudi juu. Jumapili linafunguliwa, wageni wanatoka Kakuma. Mchungaji Gitau anatafuta mwongoza wageni rasmi, wa kanisa na mji mzima. Mwaka jana wageni walitoroka katikati ya maelezo wakaenda kunywa soda. Kwa hivyo atakayewashika mpaka amina, kazi ni yake. Na kofia yenye maandishi!

Kofia hiyo ni yangu. Shida ni Ochola, mwalimu mstaafu. Ana Kiingereza. Ana hata fimbo ya kuonyeshea vitu.

Jumatano, 21 Agosti

Mazoezi mbele ya mke wangu. Nikamweleza kwamba kilima cha nyuma ya mji kilikuwa ngamia wa babu yangu, aliyekataa kwenda Kakuma kwa sababu ya jua. Mke akauliza mbona jana alikuwa fahali. Wanawake na historia!

Jioni nikapita kwa akina mama wanaouza vikapu sokoni, nikawajulisha kwamba mkubwa wa utalii ndiye huyu. Kumbe Ochola yupo. Akasema, eti mzee Longor, wewe hata mlango wa kanisa hujui unasukumwa au unavutwa. Wakacheka mpaka vikapu vikaanguka. Nikamjibu ejok, yaani vyema, tutaonana Jumapili. Nimeshinda hapo.

Ijumaa, 23 Agosti

Mpwa wangu Atiir, katibu wa kamati, kaniomba nipake mabenchi vanishi. Akaonya: mjomba, paka tu, usiongeze kitu chako. Mtoto wa juzi! Kigoda changu, ekicholong, nakikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, na kinang'aa kuliko kipara cha chifu. Kwa nini? Mafuta ya mkia wa kondoo. Mti usiopakwa mafuta hapa kwetu hulia, halafu hupasuka.

Basi nikachanganya. Nusu vanishi, nusu mkia. Mabenchi yakang'aa mpaka nikajiona meno. Atiir akauliza hii harufu ni ya nini. Nikamwambia ni ya wamishonari, inatoka ukutani.

Jumapili, 25 Agosti

USHINDI!

Ochola alianzia nje, chini ya kengele, na fimbo yake. Jua kali. Kabla hajataja hata mwaka wa kujengwa, wageni wakamwacha wakakimbilia kivuli ndani. Wakakaa. Nikasimama mbele yao. Nikawapa babu yangu akibeba mawe ya kanisa kichwani. Nikawapa mikoma ya Turkwel, vikapu, ngamia. Nikapiga maneno mpaka jua likahama dirisha.

Hakuna aliyeinuka! Hata mmoja! Mchungaji Riek wa Kakuma alijaribu kidogo, akarudi chini kwa utamu. Mama mmoja alitoa machozi, kashika gauni kwa nyuma. Kwaya iliimba wimbo wa mwisho imekaa. Na Ochola, benchi la nyuma kabisa, akipiga kelele kwamba anataka kutoka. Mbona hakutoka?

Mchungaji Gitau, macho yamemtoka, akasema ahadi ni ahadi. Akanivika kofia. Makofi hayakuwa mengi. Watu walikuwa na mikono kwenye benchi, wameguswa.

Jumatatu, 26 Agosti

Atiir amekuja kanuna, mkononi kisu cha kukwangulia na chupa ya mafuta ya taa. Akauliza, mjomba, ulitia nini kwenye yale mabenchi? Nikamwambia wivu ni dhambi hata kwa katibu.

Kwani Riek mwenyewe alitamka kwamba kanisa lao Kakuma linaunda mabenchi mapya. Wataniita tu. Nimeshaagiza mkia wa kondoo, mkubwa. Mbao za Kakuma ni kavu sana, kwa hivyo safari hii mafuta yatazidi vanishi.

Kuna jambo moja, dogo. Baada ya kuvikwa kofia niliketi benchi la mbele, kama mheshimiwa. Naandika haya nimejifunga leso ya mke wangu. Kofia ninayo kichwani. Suruali bado iko kanisani.